Kinyago Asiyetajwa Jina

Dulcie Rideout alikuwa ameifuta meza ile mpaka meza yenyewe imechoka. Akaweka kitambaa, akaenda dirishani. Akarudi kukoroga supu ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa. Akaenda dirishani tena. Kule ng'ambo ya ghuba taa ya jikoni kwa kaka yake Leander ilikuwa inawaka kama kawaida, na kama kawaida hakuna aliyeonekana kupita mbele yake.

"Kaa chini, mwanamke," alijiambia kwa sauti. Hakukaa.

Angekaaje? Krismasi imeshapita, vinyago, watu waliojifunika nyuso, wanazunguka kijiji kizima cha Tibbos Arm nyumba kwa nyumba, na yeye anamngoja mtu mmoja tu ambaye hana dalili ya kuja. Feri ikija baada ya Krismasi ya Kale, ile ya tarehe sita Januari, Leander atapanda aende mjini St. John's kwa binti yake, na hakusema atarudi. Madirisha ya ghorofani alishayapigilia mbao. Miaka miwili hakuwa amemtamkia dada yake neno, hata ile salamu ya mdomoni ambayo mtu humpa mbwa wa jirani. Akipanda feri ile bila kusema naye, basi, imekwisha. Wote wawili walishapita sabini. Watu wa umri huo hawaambiani tutaonana mwakani.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kura. Serikali iliwaambia: mkikubali karibu nyote kuhama, tutawasaidia mpate makazi penye barabara na hospitali, mkikataa, bakini na feri yenu. Wakapiga kura katika ukumbi wa kanisa. Kura ya siri, eti! Siri gani, jamani, mahali ambapo ukinunua dawa ya tumbo asubuhi, jioni kijiji kizima kinakuuliza tumbo linaendeleaje? Kuhama kulikosa kura moja tu, na kabla watu hawajamaliza kuvaa makoti kila mtu alijua kura hiyo ni ya nani. Ilikuwa ya Dulcie.

Na Verna, mke wa Leander, alikuwa anaumwa figo. Ikabidi aende kukaa kwa binti yao mjini, karibu na mashine ya kusafishia damu, huku Leander akienda na kurudi kwa sababu ya nyumba na boti. Verna akafa wakati wa ukungu. Feri haikuja, na Leander alikuwa gatini na begi mkononi akiutazama ule weupe mtupu. Tangu siku ile akikutana na dada yake njiani aligeuza uso upande wa maji mpaka apite.

Kwa nini Dulcie alikataa kuhama? Watu walisema ni ukaidi. Wengine walisema ni kaburi la mumewe Mose. Dulcie aliwaacha waseme. Sababu yake ilikuwa ndogo, ya aibu, na hakuwa amemwambia mtu.

Kilichobaki cha kutegemea kilikuwa siku hizi za vinyago. Kwa kawaida Tibbos Arm hakuna mtu anayebisha hodi. Unasukuma mlango unaingia, unakaa, unaulizwa kama umekula. Anayebisha ni polisi au ni kinyago. Na kinyago harudishwi mlangoni, hata awe adui yako, hata kama unamshuku. Anaingia amejifunika uso, anazungumza kwa kuvuta pumzi ndani ili sauti isijulikane, na mwenye nyumba anabahatisha ni nani. Ukimtaja, anajifunua, unampa kinywaji na keki, anakunywa, anaendelea nyumba ya pili. Usipomtaja, anaendelea kukaa mpaka uishiwe majina. Ndiyo sheria, nayo ni ya zamani kuliko kanisa. Wako waliokuwa hawasemeshani miaka na miaka wakarudiana hivyo, kwenye kiti cha jikoni, na pazia usoni.

Kwa hiyo Dulcie alikuwa na keki, alikuwa na ramu, alikuwa na sharubati ya matunda mwitu kwa wasiokunywa. Na hakuwa na utulivu hata wa kijiko.

Hodi ikabishwa wakati anarudi dirishani. Aliruka.

"Vinyago mnaruhusu ndani?" Sauti ile ya kuvuta pumzi, inayomfanya hata mchungaji asikike kama paka aliyebanwa na mlango.

"Wazuri au wabaya?" Dulcie aliuliza, akishika kifua.

"Wabaya mno!"

"Haya ingieni. Wazuri wamenichosha."

Waliingia watatu, theluji ikiwadondoka. Wa kwanza mfupi, mpana, amevaa ovaroli ya kiume na sidiria kubwa juu yake iliyojazwa soksi. Wa pili bibi harusi mwenye mabuti ya mpira. Wa tatu alikuwa mrefu, amevaa koti la mvua la wavuvi na foronya kichwani iliyotobolewa macho, na alikuwa akichechemea mguu wa kushoto. Huyo hakusema kitu. Alisimama karibu na mlango, mikono ameificha nyuma.

Leander aliumia goti la kushoto tangu ujana. Dulcie aliona, akajikaza asione. Akaanza na wa kwanza, kama adabu inavyotaka.

"Tumbo hili ni mto," alisema, akimfinya huku na huku. "Lakini makalio haya hayakushonwa na mtu. Triffie!"

Kinyago akavua pazia akicheka mpaka machozi. Ni Triffie kweli, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Umenijuaje haraka hivyo, mwanamke mchawi wewe?"

"Makalio hayo nimeyafuata nyuma kwenye foleni ya kanisa tangu tukiwa wasichana. Na huyu bibi harusi anayekohoa tumbaku ni mumeo. Hedley, vua shela, unaaibisha ndoa."

"Nilikuwa mzuri lakini, sema kweli," alisema Hedley, akijifunua na kutengeneza sharubu.

"Mzuri kama chewa wa jana. Kaeni, kunyweni."

Akabaki wa tatu. Dulcie alimsogelea. "Na wewe? Toa mikono niione. Kinyago haruhusiwi kuficha mikono kwangu."

Yule mtu akatoa mikono mbele. Na mikononi mwake kulikuwa na zile glavu.

Hapa mabibi hawatambui watu kwa sura tu. Kila mfumaji ana mkono wake, na glavu za Tibbos Arm ukizikuta zimeelea baharini utajua ni za nyumba gani. Hizi zilikuwa nyeusi na nyeupe, nakshi ya vipande vya almasi, na kwenye gumba kuna uzi mmoja mwekundu. Uzi ule ulikuwa wa Verna. Alimfumia mumewe peke yake, asije akabadilishiwa glavu gatini. Hakuna glavu nyingine za namna hiyo duniani.

Mchezo wote ukamtoka Dulcie kichwani.

"Leander," alisema.

"Dulcie, ngoja kidogo," alisema Triffie.

"Usinikatize, Triffie, miaka miwili nimengoja! Leander, umekuja mwenyewe, basi nisikilize. Nilijua Verna anaumwa. Nilijua, na bado nilikataa. Nilijidanganya atapona. Nilijiambia tukihama wewe utakwenda mjini kwa binti yako, mimi mwanangu atanichukua Alberta, halafu tutakuja kuonana kwenye mazishi. Hapa naiona taa yako. Nikiamka naiangalia, nikitaka kulala naiangalia. Ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine. Nilitaka usiende mbali. Nisamehe, kaka. Umeshampoteza mkeo, usinipoteze na mimi."

Alikuwa amezishika glavu zile kwa mikono yake yote miwili. Hedley alikuwa na keki mdomoni na hakuthubutu kutafuna.

Yule mtu akajitoa taratibu mkono mmoja, akavua foronya. Alikuwa kijana wa watu mwenye macho makubwa, nywele zimemsimama. Ni Naresh, mchumba wa binti wa Triffie, aliyekuja kutoka Toronto kula Krismasi kwa wakwe. Mguu wake ulikuwa unauma kwa sababu aliteleza gatini alipoteremka tu kwenye feri.

"Samahani, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi siye. Yule mzee alinipa hizi juzi. Aliona mikono yangu inaganda."

"Anagawa vitu, Dulcie," alisema Triffie, naye analia sasa. "Nyavu kampa Hedley, saa ya ukutani kawapa kanisa. Nilitaka kukwambia ukanikemea."

Dulcie alisimama palepale. Kisha akaenda kabatini, akamimina ramu glasi moja, akampa Naresh, maana sheria ni sheria na mgeni ni mgeni. "Kunywa, mwanangu," alisema. "Na hapa si mama, ni Shangazi. Shangazi Dulcie. Sasa unajua mambo yangu yote, bora ujue na jina."

Walipoondoka hakulala vizuri, na asubuhi alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Alijua Hedley hawezi kuficha jambo. Mtu yule ukimpa siri kabla ya chai, chai inamkuta ameshaimaliza. Alichokuwa hajui ni Naresh. Kijana yule, mgeni wa Mungu, aliamka akavaa mabuti ya mkwewe, akazunguka ghuba nzima akichechemea mpaka kwa Leander. Triffie ndiye aliyekuja kusimulia, amesimama mlangoni, hajavua hata kofia.

"Amekwenda kumrudishia glavu! Akamwambia, 'Mzee, jana nilipewa maneno kwa sababu ya hizi glavu, na maneno si yangu. Ni yako.' Halafu akamwambia yote. Yote, Dulcie! Taa, Alberta, yote. Kama mtoto anayesoma shairi shuleni."

"Mungu wangu. Na Leander?"

Triffie akaanza kutengeneza glavu zake. "Alimsikiliza mpaka mwisho."

"Na akasema nini?"

"Akasema, 'Glavu baki nazo, kijana, huku kuna baridi.' Akafunga mlango."

"Basi?"

"Basi."

Dulcie akaenda jikoni, akarudi, akaenda tena. Aibu ilimshika mpaka shingoni, na nyuma ya aibu kulikuwa na hofu, maana sasa hakuna cha kungoja. Leander amesikia kila kitu na amefunga mlango.

"Kaa nikwambie," alisema Triffie.

"Siwezi kukaa."

"Basi simama nikwambie. Kesho ni Krismasi ya Kale. Vinyago wanakwisha kesho, na feri inakuja keshokutwa. Yeye hajaja kwako. Wewe nenda kwake. Jifunike uende. Hata awe na hasira ya namna gani, hawezi kumrudisha kinyago."

"Peke yangu? Kinyago hatembei peke yake."

"Ukiniambia nikufuate nitakufuata. Lakini mimi makalio yangu anayajua."

Dulcie alicheka bila kutaka, halafu kicheko kikageuka kwikwi.

Siku iliyofuata, giza lilipoanza kuingia, alivaa koti zito la marehemu Mose, linalonuka dawa ya nondo, akaweka mto mgongoni kikatokea kibiongo, akavuta suruali ya mvua juu ya sketi. Usoni alijifunika kipande cha pazia la lesi kilichokuwa cha mama yao. Mikono aliiingiza ndani ya soksi za kiume. Alipojitazama kwenye kioo alimwona mtu asiyemjua, na akapata moyo kidogo.

Moyo ule ulikwisha njiani. Njia ya kuzunguka ghuba ilikuwa barafu tupu. Alifika karibu na ukumbi wa kanisa akageuka kurudi nyumbani. Akasimama. Akajitukana. Akageuka tena. Kwenye daraja la mbao akageuka kwa mara nyingine, na kama kuna mtu aliyekuwa dirishani aliona kinyago mwenye kibiongo akizunguka pale kama kuku aliyepoteza yai. Mwisho alichoka kujibishana na miguu yake mwenyewe, akapanda mpaka mlangoni kwa Leander. Soksi zilimzuia vidole, akabisha kwa kiwiko.

"Vinyago mnaruhusu ndani?" aliuliza kwa kuvuta pumzi, na pumzi nusura imnyonge.

Ndani kiti kikaburuzwa.

"Ingia," alisema Leander.

Jikoni mlikuwa na masanduku matupu ya kadibodi, na ukutani doa jeupe mahali ilipokuwa saa. Viti vilibaki viwili. Leander alikuwa amekonda. Dulcie hakuwa amemwona kwa karibu hivi tangu mazishi, na mazishini alikuwa nyuma ya watu.

"Kinyago mmoja tu?" Leander alimzunguka polepole, mikono mgongoni, kama anayenunua mbuzi. "Wenzako wamezama?"

"Wamelewa."

"Hiyo nakubali. Kaa hapo. Haya, wewe ni Hedley."

Dulcie akatikisa kichwa.

"Triffie? Hapana, Triffie angeshavunja kiti. Mchungaji? Mchungaji angeanza na sadaka." Aliendelea hivyo, nyumba moja baada ya nyingine, akianzia gatini mpaka juu kwenye mnara wa taa, kila mmoja na tusi lake dogo. Alimtaja mwalimu. Akamtaja mjane wa posta, ambaye hawezi kutembea. Dulcie alitikisa kichwa mpaka pazia likamkwaruza pua. Alingoja amfikie yeye. Nyumba ya Dulcie ilikuwa kati ya nyumba ya Triffie na ya mwalimu. Alizitaja hizo mbili zinazopakana nayo, akaipita hiyo ya katikati kama kiwanja kitupu.

Akamaliza kijiji. Akasogea, akashika ukosi wa koti.

"Koti hili nalijua," alisema. "Ni la Mose Rideout. Basi wewe ni Mose."

Dulcie hakujua atikise au aitikie.

"Ila Mose alikufa," alisema Leander, akivuta kiti chake na kukaa mbele yake. "Na hakuwa mfupi hivi. Labda huko mtu hupungua. Mose, shemeji, huko kukoje?"

"Baridi kidogo," alisema Dulcie kwa kuvuta pumzi.

"Verna umemwona?"

Gogo lilipasuka ndani ya jiko la kuni. Dulcie alihisi machozi yakishuka ndani ya lesi.

"Nimemwona."

"Hajambo?"

"Hajambo. Anauliza glavu zako ziko wapi."

Leander alitazama mikono yake mitupu. "Mwambie nimempa kijana wa watu aliyekuja bila glavu za maana. Hatakasirika?"

"Hatakasirika. Amesema vema."

"Alikuwa hivyo," alisema Leander. "Na kuhusu dada yangu? Verna anasemaje?"

Dulcie angeweza kusema amesamehe. Ingekuwa rahisi, na maiti hawakanushi. Lakini Verna alikuwa wifi yake, alimjua, na hakuweza kumtia maneno mdomoni.

"Hajasema," alijibu.

"Hata mimi sijasema," alisema Leander, akainuka akatia kuni jikoni.

Akamimina chai vikombe viwili. Kimoja alikiweka mbele ya kinyago, ingawa wote wawili walijua kinyago asiyetajwa hawezi kufunua uso anywe. Dulcie aliinuka.

"Kaa," alisema Leander. "Sijamaliza kubahatisha."

Akakaa. Lakini Leander hakubahatisha tena. Alikunywa chai yake akitazama dirisha, na Dulcie akaitazama chai yake ikipoa. Angeweza kuvuta lesi aseme ni mimi. Mara kadhaa mkono ulinyanyuka ukarudi. Jina lake lilikuwa ndilo pekee lililobaki, kaka yake analijua tangu siku alipozaliwa, na hataki kulitoa mdomoni hata kwa mchezo. Kwa hiyo ndilo jibu, alijiambia. Amenipokea kwa sababu ya sheria. Mimi mwenyewe hanitaki. Mwishowe aliinuka kweli, akainamisha kibiongo chake kama kuaga, akatoka na uso uliofunikwa.

Nyumbani hakuwasha taa. Alizunguka gizani akijigonga na viti vyake mwenyewe, akilia kwa hasira sasa, akimtukana Leander, akijitukana, akitukana na kura.

Asubuhi aliapa hatakwenda gatini. Akaapa tena akivaa mabuti. Akaapa kwa mara ya mwisho akiwa njiani, skafu imefika machoni kwa sababu ya upepo.

Tibbos Arm yote ilikuwa pale, na hiyo yote siku hizi si watu wengi. Wamemletea Leander jamu, samaki wa chumvi, mikate, vitu ambavyo mjini angevinunua popote, lakini huwezi kumwacha mtu aondoke mikono mitupu wakati wa Krismasi. Naresh naye alikuwa anaondoka, glavu mikononi, akimsaidia mzee kubeba masanduku. Leander alikwenda akipeana mkono na kila mmoja. Alimfikia Triffie. Akamfikia Hedley. Aliyefuata alikuwa Dulcie, na Leander, kama ilivyo desturi yake, akageuza uso upande wa maji.

Dulcie akaangalia chini.

"Hedley," alisema Leander, bado anatazama maji, kwa sauti ya kusikika na watu wote. "Jana nilipata kinyago. Mmoja peke yake, ana kibiongo."

"Loo! Nani huyo?"

"Nilishindwa kumtaja. Sasa nimemjua." Akageuka. "Ni Dulcie."

Hakuna aliyecheka. Hata upepo, Triffie alisimulia baadaye, ulitulia, lakini Triffie huongeza chumvi. Mikono ya Dulcie ilipanda yenyewe ikashusha skafu, maana ukitajwa unajifunua. Pua yake ilikuwa inatoka kamasi na hakujali. Leander akatoa chupa ndogo mfukoni, akamiminia ramu kwenye kifuniko, akampa. Aliinywa yote, ikamchoma.

"Ulinijua saa ngapi?"

"Ulipobisha. Nani mwingine katika vinyago anabisha kwa kiwiko? Mama tu, na yeye hayupo."

"Tangu mlangoni!" Dulcie alipandisha sauti mbele ya watu wote. "Na ukanikalisha pale unanitaja majina ya watu wote mpaka wafu! Nimelia usiku kucha nikisema hutaki hata kulitamka jina langu! Una roho gani wewe?"

"Ningelitamka ungekunywa ramu yako uondoke," alisema Leander. "Si ndiyo sheria?"

Dulcie akamrudishia kifuniko cha chupa.

"Ya Verna sijayamaliza," alisema kaka yake, sasa kwa sauti ya chini. "Sitaki ujidanganye. Pengine sitayamaliza. Lakini yule kijana aliniletea maneno yako, na kesho yake nikasikia kiwiko mlangoni, nikasema huyu asiondoke bado. Wewe ulinizuia kwa kura. Mimi sikuwa na kura, nikakuzuia kwa mdomo."

Dulcie akamshika koti kifuani, akalishikilia hivyo kama mtoto. Leander akamwachia. Feri ikapiga honi, ikapiga tena, na hakuna aliyethubutu kumwambia mzee aharakishe isipokuwa Naresh, ambaye hakujua kwamba haifai.

Ilipotoka kwenye ghuba, watu walianza kurudi majumbani mmoja mmoja. Triffie alimvuta mkono. "Twende, utaganda."

"Tangulia," alisema Dulcie. Alikuwa amesimama tuli.

Feri ilikuwa imefika mbali, na kwenye ukingo wake walionekana watu wawili warefu, makoti yanafanana, sura hazionekani. Mmoja alikuwa anapunga mkono wenye glavu nyeusi na nyeupe. Mwingine alipunga mkono mtupu, kwenye baridi ile, na hakuushusha. Dulcie alimpungia yule wa mkono mtupu.